Mashine Iliyokufa na Amana za Watu

Katika ofisi nyingi zinazotegemea intaneti, mlangoni pa mtandao huwekwa mashine mbili za Linux kwa kazi moja. Ya kwanza hupitisha mawasiliano yote yanayotoka na kuingia. Ya pili hukaa kando, macho, ikisubiri mwenzake afe. Siku hiyo ikifika, ya pili huchukua anwani ile ile ya mwenzake na kuendelea alipoishia, na karani aliyekuwa akipakua faili hajui hata kidogo kwamba mlango umebadilishwa huku yumo safarini. Hayo ndiyo matumaini. Mara nyingine matumaini hayo huvunjwa na mistari mitatu minne ya faili la usanidi, na mistari hiyo ikisomwa kwa utulivu hugusa swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wamelihangaikia kwa karne nyingi: mmoja akiondoka na mwingine akashika nafasi yake, ni kitu gani hasa kinachopaswa kukabidhiwa?

Zamani ukuta wa moto wa Linux, yaani kichungi kinachokaa mlangoni humo, haukuwa na kumbukumbu ya mazungumzo yanayopita. Chujio la ipchains, la mwishoni mwa miaka ya 1990, lilihukumu kila pakiti peke yake, bila kujali iliyoitangulia. Mradi wa Netfilter, ulioanzishwa na Rusty Russell, ndio uliogeuza mambo. Kerneli 2.4, kiini cha Linux, ilipotoka Januari 2001, ukuta ulikuwa na daftari: nani alianza kuzungumza na nani, kwa itifaki gani, kupitia poti zipi, na mazungumzo yamefikia hatua gani. Muunganisho wa TCP uliokwisha kukubaliwa na pande zote mbili hukaa daftarini, usipobadilisha mipangilio, sekunde 432,000 tangu pakiti ya mwisho kupita. Ni siku 5 nzima za kuwakumbuka watu walionyamaza. Lakini daftari lenyewe limo katika kumbukumbu ya muda ya mashine. Umeme ukikatika, nalo limekwenda.

Ndipo ilipokuja programu ya conntrackd, kazi ya Mhispania Pablo Neira Ayuso. Programu hiyo husikiliza matukio ya kerneli (muunganisho umezaliwa, umekubaliwa, umefungwa) na kuyatuma kwa mashine ya pili kupitia waya wa mashine hizo mbili tu. Ina namna tatu za kusimulia. Ile iitwayo FTFW huupa kila ujumbe namba na kudai jibu kwamba umefika. NOTRACK hutuma bila kugeuka nyuma. ALARM hurudia kila baada ya muda yale inayoyajua, hata isipoulizwa na mtu. Msomaji bila shaka ana jamaa wa aina zote tatu. Kwa upande wa pili, habari hizo hazimiminwi moja kwa moja ndani ya kerneli. Hutunzwa katika akiba ya nje, yaani yale niliyoyasikia kwa mwenzangu, mbali na akiba ya ndani, yaani yale ninayoyashuhudia mwenyewe. Siku ya makabidhiano, amri ya conntrackd -c huyatoa ya akiba ya nje na kuyaandika kwenye kerneli, na ya kusikia yakawa ya kushuhudia.

Si kila mstari wa daftari unaostahili kutumwa, ndiyo maana kuna kichujio. Ndani yake kuna sehemu ya anwani, na neno linalotumika sana hapo ni Ignore: puuza. Desturi ni kuorodhesha chini yake anwani zote za mashine yenyewe: 127.0.0.1, anwani ya kila kadi ya mtandao, anwani ya waya wa kusawazisha, na ile anwani ya pamoja inayohama kutoka mashine hadi mashine. Kanuni ni fupi: kinachofaa kunakiliwa ni mawasiliano yanayopita tu, yale ya watu wengine. Yanayoanzia au kuishia kwenye mashine yenyewe yaachwe.

Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Fundi aliyeingia kwenye mashine ya kwanza kwa ssh anazungumza na mchakato unaoishi ndani ya mashine hiyo, wenye soketi yake na funguo zake za usimbaji. Mashine ikifa, mchakato umekufa. Mstari wa daftari unaweza kunakiliwa mara mia, lakini upande wa pili hakuna wa kujibu. Mazungumzo ya karani na benki yake ni tofauti: ncha zake mbili, kompyuta ya karani na seva ya benki, zote zingali hai. Kilichokufa ni mpitishaji. Mpitishaji mwingine akijua walikuwa wamefikia wapi, mazungumzo yanaendelea.

Hapa ndipo falsafa inapoingia, na inaingia kwa kushangaa. John Locke, katika sura juu ya utambulisho aliyoiongeza kwenye toleo la pili la insha yake kuhusu akili ya binadamu, mwaka 1694, alidai kwamba mtu ni yule yule kadiri fahamu yake inavyoweza kurudi nyuma na kuyashika matendo ya zamani kuwa yake. Mfano wake ni mwana wa mfalme ambaye roho yake, pamoja na kumbukumbu zake, inahamia katika mwili wa fundi viatu. Kwa Locke, aliyeamka katika mwili ule ni mwana wa mfalme. Mtu aliyeshika hoja hiyo angetegemea kwamba ili mashine ya pili iwe mashine ile ile, ipewe kwanza kumbukumbu zake binafsi: mimi niliongea na nani, nani aliniita kwa jina langu. Wahandisi wamefanya kinyume. Wamezikata hizo hizo zenye alama ya “mimi”, wakaacha za wengine. Na dunia nzima iliyo nje ya mlango inaikubali mashine ya pili kuwa ndiyo ile.

Mtu anaweza kupinga kwamba mashine si mtu, na atakuwa na haki. Daftari halioni aibu wala halina majuto. Uzito wa mfano huu uko kwingine. Locke aliweza kuliacha swali lake mezani likisubiri kizazi kijacho. Anayeandika faili la usanidi hapati anasa hiyo. Lazima aamue leo kipi kivuke, na uamuzi wake utapimwa saa nane za usiku mashine ya kwanza itakapozimika.

Mapokeo ya dini yalikuwa na jibu lililo karibu zaidi na la wahandisi kuliko la Locke. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba Mtume Muhammad alipohama Makka mwaka 622 alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwarudishia watu wa Makka amana walizokuwa wameziweka kwa Mtume. Ali alizirudisha, kisha akafuata Madina. Kilichohitaji mtu wa kushika nafasi hakikuwa mali ya aliyeondoka. Kilikuwa mali za watu, tena baadhi yao wakiwa miongoni mwa waliompinga. Aya ya 58 ya sura An-Nisaa inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na fiqhi ya mirathi imejenga juu ya msingi huo: mtu akifa, mali aliyokuwa ameshika kwa amana haiingii katika tirka, yaani mali anayoiacha, hata kidogo. Inatengwa kabla warithi hawajakaa kugawana. Kadhi anayepokea jalada la marehemu huuliza kwanza, hiki ni chake au ni cha watu? Kichujio cha anwani huuliza hilo hilo, kisha kikashika njia ya upande mmoja: cha watu kivuke, chake kizikwe naye.

Ubaya ni kwamba swali likiulizwa vibaya, hakuna anayesikia.

Chukua mtandao wa ndani wenye anwani 192.168.0.0/24, ambamo ukuta wa moto una 192.168.0.1. Fundi anakusudia kuandika chini ya Ignore anwani ya ukuta. Mkono, uliozoea kuandika mitandao mizima, unaandika 192.168.0.0/24. Kwa herufi chache hizo ameiambia mashine kwamba kila mtu wa ofisi hii ni mimi. Kila muunganisho unaoanzia ndani una anwani ya mtandao huo, kwa hiyo kila muunganisho unapuuzwa. Hakuna kinacholalamika. Intaneti inafanya kazi, programu iko hai kwenye mashine zote mbili, waya wa kusawazisha unapitisha salamu za hapa na pale, kumbukumbu za mfumo zimetulia. Kosa litaishi miezi, likingoja kifo. Siku ya makabidhiano mashine ya pili itasimama mlangoni ikiwa haimjui yeyote, wala haitajua kwamba kuna watu ilipaswa kuwajua, kwa sababu kuchuja hufanywa na msimulizi kabla ya kusimulia. Wanazuoni wa hadithi walitengeneza elimu nzima ya kupima wapokezi, uaminifu wao na uthabiti wa hifadhi zao, lakini elimu hiyo huanzia kwenye lililosemwa. Lisilotamkwa halina mpokezi wa kupimwa.

Njia ya kulinasa kosa ni kulinganisha madaftari. Amri ya conntrack -L kwenye mashine ya kwanza huonyesha kerneli inajua nini. Conntrackd -i huonyesha akiba ya ndani, yaani kilichobaki baada ya kuchujwa. La kwanza likiwa limejaa na la pili tupu au na mistari michache ya ajabu, kichujio ndicho kinachokula. Akiba ya ndani ikiwa imejaa lakini conntrackd -e kwenye mashine ya pili haionyeshi kitu, ugomvi uko njiani: waya, kadi iliyotajwa vibaya, au, jambo linalotokea zaidi kuliko mafundi wanavyopenda kukiri, sheria za ukuta wenyewe zinazozuia ujumbe wa kusawazisha. Na akiba ya nje ikiwa nzima lakini mazungumzo yakakatika hata hivyo, basi hati ya makabidhiano inayoitwa na keepalived, programu inayoamua mashine ipi ishike zamu, haikutoa ile amri ya -c. Kila mashine ina faili lake lenye anwani zake, kwa hiyo kurekebisha moja tu ni kuahirisha msiba hadi nafasi zibadilike tena.

Kuna jambo moja linalowapotosha hata wazoefu. Kerneli ina mpangilio uitwao nf_conntrack_tcp_loose, na kwa kawaida umewashwa. Ukiwa umewashwa, mashine inayokutana na muunganisho wa TCP katikati ya maongezi, bila kuwa na habari zake, huupokea na kuuandika kana kwamba imeuona tangu mwanzo. Huo ni ukarimu, na katika majaribio ukarimu huo huficha dhambi za kichujio: fundi anaizima mashine ya kwanza, upakuaji unaendelea, anarudi nyumbani ameridhika, kumbe hakuna kumbukumbu hata moja iliyovuka. Mgeni alipokewa kwa kuaminiwa tu. Anayetaka kujua ukweli huweka thamani ya 0 hapo kabla ya kupima, tena huongeza sheria ya kutupa pakiti zisizojulikana. Kwa miunganisho iliyopitia NAT, yaani iliyobadilishiwa anwani mlangoni, ukarimu huo haufiki mbali hata ukiwashwa. Jibu kutoka nje likifika kwenye anwani ya umma, na mashine haina mstari wa kuonyesha jibu hilo ni la nani ndani ya ofisi, italichukua kuwa limekuja kwake. Haina soketi ya kulipokea, basi kama hakuna sheria ya kulinyamazisha, inajibu kwa kukata muunganisho.

NAT ndiyo inayoleta fumbo zuri kuliko yote, na inafaa kukaa nalo kidogo. Kila mstari wa daftari una jozi mbili za anwani: ya kwenda na ya kurudi. Karani wa 192.168.0.25 anazungumza na seva ya 198.51.100.7, na ukuta unamvika anwani ya umma ya pamoja, 203.0.113.10. Jozi ya kwenda itasema: kutoka 192.168.0.25 kwenda 198.51.100.7. Jozi ya kurudi itasema: kutoka 198.51.100.7 kwenda 203.0.113.10. Fundi mwangalifu anaona anwani ya pamoja imo katika mstari huo, na imo pia katika orodha yake ya Ignore. Anashtuka. Si itapuuza mawasiliano yote yaliyopitia NAT, ambayo ndiyo hasa yanayohitaji kunakiliwa?

Haitapuuza. Conntrackd inapochuja yenyewe, nje ya kerneli, huangalia anwani mbili tu: chanzo cha jozi ya kwenda na chanzo cha jozi ya kurudi. Kila upande unaulizwa, wewe ulipofungua kinywa, ulisema kutoka wapi? Karani alisema kutoka 192.168.0.25, seva kutoka 198.51.100.7. Anwani ya pamoja haikusema neno, ilikuwa vazi. Lakini fundi akiingia kwa ssh kwenye anwani hiyo hiyo ya pamoja ili kuufanyia kazi ukuta wenyewe, jozi ya kurudi itaanza na 203.0.113.10, kwa sababu sasa mashine inajibu kwa nafsi yake, na mstari utapuuzwa kama inavyostahili. Mambo hugeuka pia kwa upande wa seva ya ndani inayohudumia watu wa nje kupitia anwani ya umma: kuiweka anwani ya umma kwenye Ignore hakudhuru kitu, ila kuiweka anwani halisi ya seva, 192.168.0.80 tuseme, kunawafuta wateja wote kwenye akiba. Mafundi wengi huhangaika kwa kutafuta anwani wanayoiona nje, wakati programu inatafuta aliyesema.

Wanasheria walijua kutenganisha cha nafasi na cha mwenye nafasi kabla ya umeme. Hukumu aliyoitoa kadhi haifi naye, na wadai hawarudi kufungua kesi upya kwa sababu aliyeitia saini amezikwa. Deni lake la dukani, hilo hulipwa kwenye mali aliyoiacha. Mwanahistoria Ernst Kantorowicz, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu miili miwili ya mfalme, alionyesha jinsi mawakili wa Uingereza wa karne ya 16 walivyolitanua wazo hilo mpaka likawa karibu teolojia: mwili mmoja unaougua na kufa, mwingine usiokufa. Huenda walilitanua mno. Kichujio kina unyenyekevu zaidi kuliko wao, maana hakidai kwamba kuna mwili wa pili usiokufa. Kinatenganisha mistari tu.

Yapo pia masharti juu ya mrithi mwenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 1, kinaeleza jinsi nafasi ya Yuda ilivyojazwa. Petro hakuomba mtu mwadilifu wala msomi. Aliomba mtu aliyekuwa pamoja nao muda wote, tangu ubatizo wa Yohana hadi siku ya kupaa. Walipatikana wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathia, kura ikamwangukia Mathia. Sharti la Petro lingeeleweka mara moja kwa mtunza mitandao: anayeshika nafasi awe alikuwa akisikiliza kabla nafasi haijawa wazi. Mashine ya pili iliyowashwa upya jana haina historia, na amri ya conntrackd -n ipo kwa ajili hiyo, kumwomba mwenzake aliye hai asimulie upya yote anayoyajua. Aliyekwisha kufa haulizwi.

Immanuel Kant, mwaka 1781, katika toleo la kwanza la uhakiki wake wa akili safi, aliweka tanbihi ambayo mtu angedhani iliandikwa kwa ajili ya conntrackd. Mpira unaodunda ukiugonga mwingine ulionyooka nao, unauachia mwendo wake wote. Tuseme basi, anasema, kuna vitu vinavyoachiana fahamu kwa namna hiyo, kimoja kikikipa kinachofuata hali zake zote pamoja na zile kilizozipokea. Cha mwisho kingejiona kimepitia yote hayo, na bado kisingekuwa mtu yule yule. Kwa Kant, ndani kunasema “ni mimi”, na anayetazama kutoka nje ana sababu ya kukataa. Mlangoni pa ofisi mambo yamegeuka chini juu. Nje kunasema ni yule yule, kwa kuwa anwani haikubadilika na mazungumzo hayakukatika. Ndani, akiba mbili zilizotenganishwa zinajua vizuri kwamba si yeye.

Ukali wa swali huongezeka pale mashine zote mbili zinapofanya kazi kwa wakati mmoja. Katika mpangilio huo, pakiti yaweza kutokea kwenye mlango mmoja na jibu lake likarudi kwa mwingine, na conntrackd inaweza kuamriwa iachane na akiba ya nje, iandike kila inachoambiwa moja kwa moja kwenye kerneli. Hakuna tena marehemu wala mrithi, wala mpaka kati ya kusikia na kushuhudia. Lakini taarifa husafiri kando ya pakiti, bila pakiti kuisubiri, na jibu la seva iliyo karibu linaweza kuwahi kufika kwenye mashine ya pili kabla ya habari kwamba mashine ya kwanza ilimfungulia mtu mlango. Sheria ya kutupa pakiti zisizojulikana italitupa jibu hilo, ingawa ni halali. Kama mashine ya pili imekosea kwa kufanya hivyo au imefuata haki kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, mafundi hawakubaliani, na wale wanaopenda mpangilio huu huhesabu kwamba kosa litajirekebisha: TCP isipopata jibu kwenye muunganisho mpya husubiri kama sekunde 1, kisha hutuma tena, na kwa kawaida pakiti ya pili hukuta jina lake limeshaandikwa.